Sura ya Nne: Wa Mwisho Kwenye Mstari

Ukipita njia ya miembe ya Misheni ya Roho Mtakatifu, Bagamoyo, utaukuta mnara wa kanisa la kale ambao watu wanauita Mnara wa Livingstone. Wageni hupiga picha, huambiwa kwamba mwili wa Dk. David Livingstone ulilazwa hapo mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, kisha hushika njia ya ufukweni. Mimi huwapeleka pale wasimamizi wapya ninaowafundisha: watu wa hoteli, wa stoo, wa ofisi za halmashauri, wauguzi waliokabidhiwa wodi kwa mara ya kwanza. Nikishawakalisha kivulini huwauliza swali moja: mwili huu ulifikaje hapa?

Ulifika mabegani mwa watu. Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Kutoka kule hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa miguu. Waliombeba walikuwa watu wapatao 60, wanaume kwa wanawake, na safari iliwachukua karibu miezi tisa. Waliugua, wakalala njaa, wakazika wenzao njiani. Tajiri wao alikuwa amekufa. Hapakuwa na wa kuwalipa, wa kuwaamuru, wala wa kuwaadhibu kama wangeuacha mzigo porini na kila mmoja akaenda zake. Mzigo ukafika, na madaftari ya marehemu yakafika pamoja nao.

Waliousimamia mwendo huo ni wawili hasa: Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, akiwa bado mtoto. Hakuna aliyewaandikia barua ya uteuzi. Wenzao ndio waliowakubali, kwa kuwa walikuwa wameisota safari hiyo kwa miaka mingi.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara hunirudisha kwenye jambo lile lile ambalo ndilo sura hii: kiongozi hupimwa kwa wa mwisho kwenye mstari. Je, naye amefika? Na alichokibeba kimefika kizima?

Kirongozi na mnyapara

Bagamoyo ulikuwa mji wa kazi kabla haujawa mji wa watalii. Karne ya 19 hapa ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa, shanga na waya. Msafara mkubwa ulikuwa na watu mia kadhaa, wakitembea mmoja nyuma ya mwenzake kwenye kijia chembamba. Wa kwanza akifika kambini na kuanza kuwasha moto, wa mwisho alikuwa bado yuko mbali, na pengine jua limeshaanza kuzama.

Kwa hiyo msafara ulihitaji vyeo vya namna mbili. Mbele alitembea aliyeijua njia, kashika bendera, kavaa mavazi ya kuonekana kwa mbali. Wasafiri wa wakati ule waliliandika jina la cheo chake "kirangozi" au "kirongozi". Ndilo hilo hilo neno letu "kiongozi". Pamoja na wapagazi walikuwapo wanyampara, waliosimamia watu, mizigo na posho.

Tazama maneno hayo mawili yalikoishia. "Kiongozi" limepanda mpaka Ikulu. "Mnyampara" limegeuka "mnyapara", likapitia mashamba ya mkonge, magereza na vibarua vya ujenzi, na leo ni jina la mtu anayesimama juu ya migongo ya wenzake akifoka. Tumeipenda kazi ya mbele, ile ya kubeba bendera, na tumeiacha ya nyuma ioze. Ndiyo maana wengi wetu tukipandishwa cheo tunakimbilia kuwa mbele: kuongea wa kwanza kwenye kikao, kujua kila jibu, kufika kazini kabla ya jua. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Mtungi wa gesi

Nilipewa usimamizi wangu wa kwanza nikiwa na miaka 28, katika hoteli moja ya pwani kati ya Bunju na Bagamoyo. Nilipandishwa kwa sababu nilikuwa mchapakazi. Mhudumu akichelewa, nilibeba sinia mwenyewe. Hesabu ikikosewa, niliirudia mwenyewe usiku. Niliamini kwamba msimamizi ni mfanyakazi bora kuliko wote, na kwamba wengine wakiniona nakimbia, nao watakimbia.

Jumamosi moja tulikuwa na harusi ya watu 200. Saa mbili usiku, pilau likiwa bado halijaiva, moto ukazimika. Mpishi akauendea mtungi wa akiba, akautikisa kwa mkono mmoja, akanitazama. Mtupu. Usiku ule tulizunguka na pikipiki kutafuta gesi, bwana harusi akanijia jikoni na kanzu yake nyeupe, na chakula kikatoka karibu saa tano, wakati wazee walikwishaondoka na njaa.

Kesho yake nikagundua jambo lililoniumiza kuliko lawama zote. Kijana anayeosha vyombo alikuwa anajua. Alijua tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa akiisogeza mitungi kila siku anapofagia, na uzito wake aliujua kwa mkono. Nilipomuuliza mbona hakusema, alitazama miguu yake, akajibu taratibu, "Dada, juzi nilikuja kukuambia kuhusu bomba linalovuja, ukaniambia nisubiri zamu yangu ya kusema."

Kweli nilimwambia hivyo. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa mbele kabisa ya msafara na bendera yangu, na mtu wa mwisho kwenye mstari, aliyeona kile ambacho mimi sikuweza kukiona, nilikuwa nimemfunga mdomo siku mbili kabla.

Kama wewe ni msimamizi, liweke hili moyoni. Habari mbaya huanzia chini, kwa mlinzi wa usiku, kwa dereva, kwa anayepokea simu. Safari yake mpaka kwako ni ndefu, na kila ulipomkaripia mtu kwa kusema, umeweka kizuizi njiani. Siku hizi nikifungua kikao huanza na mdogo kwa cheo. Nikianza na mkubwa, mdogo atakubaliana na mkubwa. Na anayeniletea habari mbaya humshukuru kwanza, mbele ya watu, hata kama kosa ni lake. Adhabu, kama ipo, ina wakati wake na mlango wake uliofungwa.

Hesabu juu ya mchanga

Baada ya mkasa ule nilikwenda kwa mjomba wangu, ambaye alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi hapa hapa Bagamoyo. Nilimkuta ufukweni, maji yamekupwa, chombo kimelala ubavu, samaki wamekwishakwenda mnadani. Nikamwamkia, nikaanza kumwaga malalamiko yangu. Akaniambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Watu hawajapata chao."

Dalali alileta pesa. Mjomba hakuzitia mfukoni. Aliwaita mabaharia wote sita wakaketi mchangani kuzunguka tenga lililofunikwa, naye akazihesabu kwa sauti, noti moja moja, akiziweka juu ya tenga. Kisha akaanza kutoa, pia kwa sauti: mafuta kiasi hiki, barafu kiasi hiki, mchele na sukari tulivyochukua dukani kiasi hiki. Kila alipotaja, aliyekwenda kununua aliitikia "naam". Ikatoka sehemu ya chombo na nyavu. Kilichobaki kikagawanywa. Wa kwanza kupewa alikuwa mvulana aliyekuwa katika safari yake ya pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuchota maji yanayoingia chomboni. Mjomba alichukua chake mwisho.

Nilimuuliza kwa nini asiwagawie tu, maana wote wanamwamini. Alinijibu, "Wananiamini kwa sababu hiyo."

Nilipokuja kusoma habari za Chuma na Susi nilimkumbuka mjomba. Asubuhi baada ya kifo cha tajiri wao, jambo mojawapo la kwanza walilofanya ni kuwakusanya wenzao wote na kufungua masanduku ya marehemu hadharani, ili kila mmoja aone kilichomo na kila mmoja awajibike. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa shule ya misheni ya Nassik nchini India, akaviandika kimoja kimoja. Watu wale walikuwa na majonzi na hofu, mbali sana na pwani. Bado waliona kwamba kabla ya kuzungumza safari, lazima mali ijulikane na iandikwe.

Ofisini sanduku lako ni bajeti, orodha ya zamu, vigezo vya posho, sababu ya fulani kwenda semina Dodoma na fulani kubaki. Lifungue mbele ya wote. Minong'ono mingi kazini haitokani na uamuzi mbaya, hutokana na uamuzi ambao watu wameona mwisho wake bila kuona njia yake. Chukua dakika kumi ueleze: tulikuwa na nafasi moja, walioomba ni wanne, nimetazama hiki na hiki. Asiyeridhika ataondoka na kinyongo kidogo kuliko yule aliyeachwa akisie.

Mpe anayeijua

Ili mwili usafiri, ilibidi uandaliwe. Chuma hakushika kisu, wala Susi. Kazi ile ilimwangukia Farijala, kwa sababu aliwahi kuwa mtumishi wa daktari Unguja na alikuwa na fununu ya mambo hayo. Moyo wa marehemu na viungo vya ndani vikazikwa pale pale chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa wiki mbili, ukavingirishwa kitambaa, gome la mti na turubai la tanga. Wainwright, aliyejua kusoma, alisoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Halima, mpishi ambaye Livingstone alimsifu katika maandishi yake, alikuwamo pia safarini.

Funzo si kwamba kazi igawanywe. Hilo kila mtu analisema. Funzo ni kwamba Chuma na Susi walijua historia ya kila mtu wao. Walijua Farijala alimtumikia nani kabla ya kuja kwao. Wewe unajua mhasibu wako msaidizi alikuwa anafanya nini kabla hujampata? Mara nyingi nimekuta ofisini mtu anayeagizwa chai kila siku, kumbe alikwishaendesha duka la mama yake miaka mitano na anajua kupatana bei kuliko afisa ununuzi. Ujuzi huo haumo kwenye faili. Unapatikana kwa kukaa na mtu, kula naye, kumuuliza alikotoka, na kusikiliza jibu mpaka mwisho.

Kweli isikutangulie

Mwanzoni waliogopa kumwambia Chitambo, mwenye kijiji, kwamba mgeni wake amekufa. Walihofia watatozwa faini nzito. Basi wakaomba ruhusa ya kujenga nje ya kijiji, wakanyamaza. Siri haikukaa. Mzee akapata habari kabla hawajamwambia, akawauliza mbona hawakumweleza ukweli. Chitambo hakuwatoza wala hakuwafukuza. Aliwapokea kwa upole, akaongoza watu wake katika maombolezo.

Siwezi kukuahidi kwamba kila mkubwa ni Chitambo. Ila nimeona mara nyingi kwamba kosa linalosemwa na mwenye kosa ni nusu ya kosa linalogunduliwa. Ripoti ikichelewa, sema Jumanne kwamba Ijumaa haitawezekana. Usisubiri Ijumaa jioni uzime simu. Ukienda kusema, nenda na mambo matatu: kilichotokea, ulichokwishafanya, na unachohitaji. Visingizio viache nyumbani.

Kusema hapana kwa mkubwa

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo. Hapo wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa na Jumuiya ya Jiografia ya London kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Kwa hesabu za wakati ule, huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Cameron akawashauri wamzike pale pale, maana njia iliyobaki ni ya hatari.

Wakakataa. Hawakugombana naye. Walimwachia vyombo vya kupimia alivyovitaka, wakasafiri na wenzake waliokuwa wanarudi pwani, ila kwa jambo moja hawakulegeza kamba: marehemu atafika kwao.

Mbele ya Unyanyembe wakaambiwa kwamba maiti haitaruhusiwa kupita. Sasa tazama akili yao. Waliufungua mzigo, wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa kitambaa, kama mizigo mingine yote ya biashara. Kisha wakatengeneza mzigo wa bandia wenye sura ya maiti, wakawapa watu sita waurudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuuzika. Wale sita wakautupa porini na kuwarudia wenzao. Mtumba ukapita.

Kwa miaka mingi wafanyakazi wa kwetu tumelelewa kujibu "ndiyo mzee", kisha tunakwenda kufanya tunavyojua, au hatufanyi kabisa. Hiyo si heshima. Chuma na Susi wanatuonyesha njia nyingine: pambanua lipi ni lengo na lipi ni namna. Namna, mwachie mkubwa aibadilishe atakavyo. Pengine anaona usichokiona. Lengo, likiguswa, simama. Mfuate faraghani, si kikaoni. Anza kwa kurudia hoja yake mpaka aone umemwelewa. Mweleze kitakachopotea. Ukimaliza, mpe njia ya tatu. Mtu anayekataa mara moja kwa mwaka, kwa adabu na kwa sababu, neno lake la "ndiyo" hupanda thamani.

Mzigo mzito na Mnyamwezi

Methali tunayoitumia sana kazini ilizaliwa kwenye njia ile ile: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunaitamka kumsifu mtu mwenye nguvu. Wapagazi wenyewe walikuwa na sheria zao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na mpagazi aliyeizoea kazi alijua mpaka wake. Alipatana ujira kabla ya kuondoka, alidai posho yake, na akionewa alitua mzigo na kutoroka usiku. Watu wale walikuwa mafundi wa kazi yao, na walijua haki zake.

Ofisini mwako yupo Mnyamwezi. Ni yule ambaye kila jambo gumu linaishia mezani kwake, kwa kuwa halalamiki na analimaliza. Sisi wasimamizi tunampenda, na kwa kumpenda tunamuua. Kazi ya mzembe tunamwongezea yeye, kisha wote wawili tunawalipa sawa. Siku moja anatua mzigo. Anaandika barua ya mistari miwili, anahamia kampuni nyingine ya Dar es Salaam, nawe unabaki unashangaa.

Upime mzigo wa kila mtu angalau mara moja kwa mwezi. Andika majina kwenye karatasi, andika kila mmoja anachokibeba, halafu itazame karatasi hiyo kwa macho ya mtu wa nje. Ukiona jina moja lina mistari tisa na jingine mitatu, tatizo si la mwenye tisa.

Na kama wewe ndiye Mnyamwezi, jifunze kutaja uzito. Usiseme "nimechoka". Sema, "Nina kazi hizi tano. Nikiongeza hii ya sita, ipi kati ya hizi isubiri?" Hapo umemrudishia msimamizi kazi yake, nayo ni kuchagua.

Njia ndefu ya Bombay

Msomaji kijana ataniuliza: mimi bado sina cheo, haya yananihusu nini? Nitamjibu kwa habari za Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao. Alikamatwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India akaishi utumwani miaka mingi, mpaka bwana wake alipofariki naye akapata uhuru. Akarudi Afrika Mashariki, akawa askari wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walimchukua kwenye safari yao ya maziwa makuu. Hakuwa mkubwa wa chochote. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho: Kihindustani, alichojifunza utumwani, na Speke naye alikuwa akikizungumza. Lugha ile ikamfanya kuwa daraja.

Tangu hapo kila safari ilimpandisha. Mwaka 1860 hadi 1863 alikuwa na Speke na Grant kuelekea chanzo cha Nile. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, Bombay ndiye aliyekuwa mkuu wa askari wake. Stanley aliandika maneno makali juu yake. Hata hivyo Cameron alimchukua mwaka 1873, wakavuka bara zima kutoka Bagamoyo mpaka pwani ya Atlantiki, wakafika mwishoni mwa mwaka 1875.

Naona mambo mawili hapo. La kwanza, aligeuza alichokipata katika shida kuwa mtaji. Miaka uliyokaa dukani kwa shangazi, lugha uliyoipata kwenye kambi ya ujenzi, uvumilivu uliojifunza ukiuguza mzazi: hivyo vyote ni ujuzi. Vipe majina na uvitumie. La pili, tathmini kali ya mkubwa mmoja haikuwa mwisho wa kazi yake. Kama mkuu wako wa sasa hakuoni, chukua lililo kweli katika lawama zake, rekebisha, na uendelee kuijua njia. Wanaohitaji mtu anayeijua njia hawaishi.

Kukabidhi

Februari 1874 Chuma alitangulia kwenda Unguja kupeleka taarifa kwa ubalozi wa Uingereza. Wenzake wakaingia Bagamoyo na mzigo, wakaukabidhi. Mwili ukavushwa Unguja, ukasafirishwa mpaka Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Wainwright alikuwapo mazishini. Chuma na Susi hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, wakasaidia kueleza yaliyomo kwenye madaftari ya Livingstone ili yachapishwe. Zilitengenezwa medali 60 kwa ajili ya wasafiri wale, lakini wengi walikuwa wamekwishatawanyika.

Hapa huwa nashusha sauti ninapowafundisha, maana ndipo panapouma. Utafanya kazi nzuri na wakati mwingine picha itapigwa bila wewe. Sitakuficha. Haki yako idai, iandike, ifuatilie. Ila usisubiri makofi ndipo ufikishe mzigo. Mwaka 1879 msafara mwingine wa Kiingereza uliondoka Dar es Salaam, na mkubwa wa wapagazi alikuwa Chuma. Kiongozi wake, Keith Johnston, akafariki njiani mwezi Juni. Akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akiwa na Chuma, na safari ikakamilika. Walikwishajua Chuma ni nani. Neno lilikuwa limetangulia.

Mimi niliondoka kwenye hoteli ile baada ya miaka sita. Wiki ya mwisho nilikaa na yule kijana wa vyombo, ambaye kwa wakati huo alikuwa msimamizi wa jiko. Tukapita stoo pamoja, rafu moja moja, yeye akiandika. Tulipofika kwenye mitungi aliinua wa akiba kwa mkono mmoja, kama alivyozoea, akautua. "Umejaa, dada," akasema. Nikampa funguo.

Kazi ya wiki hii

1. Kikao chako kijacho, anza na mdogo kwa cheo. Wewe sema wa mwisho.

2. Chagua uamuzi mmoja unaonong'onwa, na ufungue sanduku lake mbele ya wote.

3. Muulize mtu mmoja unayefanya naye kazi alikuwa anafanya nini kabla ya kuja hapo. Andika ulichokuwa hukijui.

4. Andika majina na mizigo kwenye karatasi moja. Mpunguzie Mnyamwezi wako kitu kimoja kabla ya Ijumaa.

5. Fikiria kwamba kesho huji kazini. Nani ana funguo, na anajua mtungi upi ni mtupu? Kama hakuna, anza kukabidhi leo.